Meli ya kitalii na mtoto wa miezi saba: nikubali au nikatae?

BintChake

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Kuna jambo linaninyima usingizi, na usingizi wenyewe tangu Novemba ni wa kuazima.

Mie Mpemba wa Chake, naishi Reading, Uingereza, mwaka wa sita sasa. Mume wangu ni Mwingereza. Wazazi wake wanatimiza miaka 40 ya ndoa mwezi wa Juni, na baba mkwe, mtu ambaye majani ya chai huyatumia mara mbili, kaulegeza mkono kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kaulipia ukoo mzima, watu 11, usiku saba kwenye meli ya kitalii. Inang'oa nanga Southampton, siku ya pili ni maji matupu, halafu Stavanger, Olden, Ålesund na Bergen huko Norway, kisha siku nyingine ya maji matupu hadi Southampton tena. Sisi tumepangiwa kabini yenye roshani. Nimepewa mpaka mwisho wa Februari hii niseme ndiyo au la, maana baada ya hapo pesa hazirudi.

Binti yangu sasa ana miezi mitatu. Siku ya kupanda atakuwa na miezi saba na siku kidogo. Ananyonya, na usiku humpa chupa moja ya maziwa ya kopo ili baba yake naye aamke. Kuoga anaogea beseni, kama tulivyooga sote, na nimeambiwa kabini ina bafu la manyunyu tu. Nimuogeshe wapi? Maji ya moto ya chupa nitayapata saa nane za usiku? Bahari ikichafuka, mtoto wa umri huo hulewa? Pasipoti yangu bado ni ya Tanzania, nina ukaazi wa kudumu hapa. Mtoto atachukua ya Uingereza kwa baba yake. Na chakula, maana kwa miezi saba atakuwa keshaanza kulambishwa vitu.

Hayo ni ya mdomoni. La moyoni ni hili.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 nilikuwa na miaka 14. MV Spice Islander ilitoka Unguja kuja Pemba, watu na mizigo kupita kiasi, ikazama mkondo wa Nungwi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu hawakurudi mama na watoto wake wawili, walikuwa wamekwenda Unguja kwa sikukuu. Namkumbuka mama yangu kasimama mlangoni tangu alfajiri na redio ya betri mkononi, hasemi neno. Tangu siku hiyo yeye Unguja huenda kwa ndege ndogo, na kama nauli haipo, haendi.

Nilipompigia kumwambia habari za Norway, simu ilinyamaza mpaka nikadhani imekatika. Kisha akasema: "Wewe nenda. Mtoto niletee mimi."

Mume wangu ananiambia hii si boti ya Pemba, ina ghorofa 15. Nikamwambia maji hayahesabu ghorofa. Akacheka, mie sikucheka. Sitaki kumvunjia heshima baba mkwe, tena mzee mwenyewe kafurahi kama mtoto. Lakini sitaki pia kupanda meli wiki nzima nikiwa na moyo mkononi. Aliyewahi kusafiri hivi na mtoto mchanga anieleze kama ilivyo, bila kunipamba.

Mama wa Kibokoni

Waalaykum salaam dadangu. Mie wa Mombasa, niko Southampton, meli hizo naziona kutoka dirisha la kazini zikigeuka gatini kama mtaa mzima unaotembea. Mwaka juzi tulienda hiyo hiyo Norway na kijana wangu wa miezi tisa. Nitakueleza niliyoyaona.

Umri: kampuni nyingi zataka mtoto awe ametimiza miezi 6 siku ya kupanda. Safari za kuvuka bahari kuu, kama Atlantiki, ndizo huomba miezi 12. Yako haina neno, ila someni masharti ya kampuni yenu wenyewe, kwani kuna meli za watu wazima watupu ambazo hata mtoto wa miaka kumi hapandi.

Kuoga: nunua beseni la mpira la kujaza upepo. Lakunjwa likawa kama taulo, waliweka chini ya manyunyu, wamuogesha kama nyumbani. Mie siku ya kwanza nilijitia ujanja nikamuogesha kwenye sinki, akaufungua mfereji wa maji moto kwa kisigino. Alhamdulillahi nilikuwa na mkono upesi.

Kigari: chukua kile chembamba cha kukunja, au uache kabisa. Kabini ni finyu. Kitanda cha mtoto kikiingia, kigari chalala mlangoni na wewe warukaruka usiku kama mwizi. Leso mbili zilinifaa kuliko kigari cha pauni 200. Tatizo lake ni moja: bibi za Kiingereza wakiona mtoto mgongoni wasimama foleni. Kila asubuhi kwenye staftahi nilifundisha kufunga mbeleko, mpaka uji wangu wapoa.

Bwawa la kuogelea lisahau. Mtoto wa pampasi kwenye meli nyingi haruhusiwi kuingia, hata zile pampasi za kuogelea hazikubaliwi.

Bahari: siku ya kurudi Bahari ya Kaskazini ilichafuka kweli. Mume wangu ni mtu wa Lamu, babu zake manahodha, jina la ukoo wake lataja chombo. Alilala sakafuni mwa choo kutoka adhuhuri hadi isha. Mtoto akamtambalia juu akicheka. Watoto chini ya miaka miwili ni nadra kulewa bahari, wanaoteseka ni wakubwa kidogo na sisi. Kama wakwe bado wanaweza kubadilisha kabini, ombeni ya katikati ya meli na ya chini, huko mtikisiko ni mdogo.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: mwezi wa Juni kule Bergen jua latua kama saa tano usiku, na hata likitua giza halishuki vizuri. Kijana wangu alikataa kata kata kwamba ni usiku. Kabini isiyo na dirisha ingekuwa afadhali, mle ukizima taa ni kaburi. Maadamu yako ina roshani, beba vibanio vya nguo, ubane pazia katikati na pembeni.

Chakula cha halali andikeni mapema, wakati wa kuthibitisha safari, si mkifika mezani. Mie nilikula samaki, mayai na mboga kwa wiki nzima na sikulala njaa. Mtoto waliponda viazi na karoti bila chumvi kila nilipoomba. Na uliza kama meli yenu ina chumba cha kulelea watoto wachanga usiku. Baadhi ya zinazotoka huku kwetu zina, na bila malipo. Nilimwacha mara moja kwa saa mbili. Saa moja na nusu kati ya hizo nilikaa kwenye ngazi nje ya mlango.

Mzee wa Kigamboni

Aisee. Mtoto wa miezi saba, Norway, ghorofa 15. Atakumbuka nini? Mpandisheni pantoni Magogoni, dakika chache, shilingi mia mbili tatu, ameshaona bahari. Hizo hela nitumieni mimi.

Baharia Kilifi

Mzee wa Kigamboni, tulia kidogo, mama wa watu anauliza jambo zito.

Dada BintChake, mimi nilisafisha kabini za meli za kitalii miaka sita, Mediterania na Karibea, na misimu miwili Norway. Kabini 16 kila siku, nyingi zina watoto. Nianze na la moyoni.

Siwezi kukuambia meli haizami. Costa Concordia iligonga mwamba Italia Januari 13, 2012, meli kubwa, mpya kiasi, wakafa watu 32. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo na hawajafanya mazoezi ya dharura. Tokea hapo kanuni ikabadilishwa: zamani ilitosha yafanywe ndani ya saa 24, sasa ni kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Ukipanda utaambiwa utazame maelezo, kisha uende kwa miguu yako hadi kituo chako cha kukusanyikia, wakupige alama kwamba umefika. Asiyekwenda hutafutwa kwa jina. Mimi mwenyewe nimegongea watu wamelala ulevi.

Lililoua Nungwi walijua wote waliokuwa gatini: watu wengi kuliko chombo. Kwenye meli yako kila anayeingia na kutoka anapigwa kadi, mpaka yule mtoto wa mgongoni ana kadi yake. Nahodha anajua idadi ya roho kabla ya kamba kufunguliwa, na nafasi kwenye boti na maboya ya uokozi haipungui idadi hiyo. Mwambie mama yako hivyo. Mama wa Pemba ataelewa kuhesabiwa watu kuliko habari za ghorofa.

Sasa fanya haya. Siku ya kupanda, kabla hujafungua begi, mwambie mhudumu wa kabini akuletee jaketi okozi la mtoto mchanga. Yapo, lakini kabini nyingi utakuta ya wakubwa tu, na wazazi wengi hawaulizi. Mvishe mara moja ujue mikanda yake. Atalia, mwache alie. Kisha usiku, watu wakiwa kwenye chakula, tembea kutoka kabini hadi kituoni kwa ngazi, si kwa lifti, ukiwa umembeba. Rudi, fanya tena. Mguu ukishaijua njia, kichwa kinatulia. Na ukimvalisha jaketi usimfunge mgongoni, mbebe mbele.

Roshani: miezi saba hapandi kitu, lakini kiti kisikae karibu na kizuizi, na komeo la mlango lifungwe kila wakati. Milango ya meli ni mizito na upepo huibamiza, wengi tuliowapeleka zahanati ni wa vidole. Mlango wa choo una kizingiti kilichoinuka. Ukitoka na mtoto usiku gizani kitakuangusha, acha taa ya chooni ikiwaka na mlango wazi kidogo. Na choo chenyewe kinavuta kwa hewa, mlio wake ni kama simba kakohoa. Funika kabla ya kubonyeza, la sivyo mtoto atakiogopa chumba chote.

Kijifriji cha kabini ni cha kupozea soda. Kama utakamua maziwa, uliza mapokezi wakuwekee kwenye baridi ya kweli. Kitanda cha mtoto kiombwe sasa, havitoshi kila mara. Na mhudumu wako akikuuliza mtoto analala saa ngapi, mwambie ukweli. Si udaku, anapanga zamu ya kufagia.

BintChake

Jamani, nimesoma yote huku nanyonyesha, nusu nimelia nusu nimecheka. Mume wa Lamu kwenye sakafu ya choo nimemsomea mume wangu kwa Kiingereza, kanyamaza kimya kabisa, sasa yeye ndiye anayeogopa.

Baharia, nimempigia mama. Sikumwambia usalama, nilimwambia tu wanahesabu. Akauliza: "Mpaka mtoto?" Nikasema mpaka mtoto, ana kadi yake. Hakusema ndiyo, ila aliniuliza kama huko Norway kuna baridi, na kwa mama yangu huo ni mlango umefunguka kidogo.

Yule wa pantoni, nauli yako utaisubiri sana.

Nesi Leeds

Hongera kwa mtoto, mdogo wangu. Wenzangu wamesema mengi, naongeza ya karatasi na ya afya.

Viza kwanza, maana wengi hukwama hapa. Ukaazi wa kudumu wa Uingereza haukuingizi Norway. Kwa pasipoti ya Tanzania unahitaji viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Norway ikiwemo, hata kama utashuka Bergen kwa muda wa saa nne tu na kurudi melini. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje mwisho huo, nafasi za miadi kuelekea kiangazi hujaa. Ada ni euro 90. Binti mwenye pasipoti ya Uingereza hahitaji viza, ila mwombeeni hiyo pasipoti wiki hii. Kama jina lake la ukoo si lako, beba cheti cha kuzaliwa. Mpakani wanaweza kuuliza huyu mtoto ni wa nani, hasa baba yake akiwa foleni nyingine.

Chanjo: zile za wiki 8, 12 na 16 atakuwa amemaliza. Ya surua kwetu nyumbani ni miezi 9, hapa Uingereza ni mwaka mmoja, kwa hiyo mwezi wa Juni atakuwa bado. Mweleze nesi wenu mapema kwamba mnasafiri, yeye ndiye wa kuamua kama kuna haja ya lolote.

Ugonjwa ninaouhofia zaidi melini ni norovirus, ule wa kutapika na kuhara. Jeli ya mikono iliyowekwa kila mlango haiumalizi vizuri. Sabuni na maji, kila mara, na mikono ya mtoto pia, maana anatambaa juu ya zulia lililokanyagwa na watu elfu kadhaa kisha vidole mdomoni.

Maziwa ya kopo yanataka maji ya nyuzi 70 au zaidi, yaani yaliyochemka na kukaa si zaidi ya nusu saa. Uliza kama kabini ina birika la umeme. Meli za soko la Uingereza mara nyingi huwa nalo, za Kimarekani hulikataza kwa kuhofia moto, na wewe huruhusiwi kuja na lako. Kwa chupa moja ya usiku, mimi ningebeba yale maziwa ya maji yaliyo tayari, chupa ndogondogo saba na mbili za akiba.

Dawa za kulewa bahari za dukani usimpe. Hata zile za watoto huanzia miaka mitatu au minne. Beba parasetamoli yake na kipimajoto, na pampasi za wiki nzima na ziada, dukani melini utakuta aina moja kwa bei ya dhahabu. Zahanati ya melini inatoza kila kitu, na bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi meli za kitalii mpaka uongeze kipengele chake. Soma kama inalipia kuhamishwa kwa helikopta. Naomba usiihitaji.

BintChake

Narudi na mrejesho, niliahidi. Tumeshuka Jumapili.

Viza ilitoka siku kumi na mbili kabla ya safari, nikiwa nimeshakonda. Mpakani kurudi waliuliza kweli huyu ni wa nani, nikatoa cheti kabla hajamaliza sentensi. Nesi, una dua yangu.

Stavanger mvua, Bergen mvua. Olden maji ni ya kijani kibichi kama yametiwa rangi, nikakaa roshani na mtoto saa nzima bila kusema kitu, komeo likiwa nyuma yangu limefungwa. Ålesund kuna kilima kinaitwa Aksla, ngazi 418. Nilizipanda na binti mgongoni kwenye kanga ya mama. Baba mkwe, miaka 69, akasema naye anapanda. Kila ngazi hamsini akisimama anasema anapiga picha. Simu yake tuliikagua baadaye: picha nane za kidole.

Choo kilinguruma siku ya kwanza kabla sijakumbuka kufunika. Binti alilia dakika ishirini na mpaka leo nyumbani akisikia maji ya choo ananitazama. Vibanio vya nguo viliokoa ndoa. Siku ya kurudi ilichafuka kidogo, wa kulala chini alikuwa mama mkwe.

Jaketi la mtoto nililiomba kabla hata ya kufungua begi. Mhudumu, kijana wa Goa, alileta dakika tano baadaye. Rangi ya chungwa, linamfika puani. Nilipofunga mkanda wa pili mikono ilinitetemeka, siwafichi. Usiku ule nikatembea mpaka kituoni kwa ngazi, mara tatu, mume ananishikia saa: dakika nne na nusu, nne na robo, nne kamili.

Nikampigia mama tukiwa bado tunaona taa za pwani ya Uingereza, nikamwambia dakika nne. Akauliza, "Mtoto mgongoni au mbele?" Nikasema mbele. "Haya. Na viatu uwe umevaa." Kisha akataka apewe baba mkwe, ambaye hajui Kiswahili hata salamu, akamwombea dua ndefu kwenye simu, na mzee kasimama wima mpaka mwisho kama yuko kanisani.

Nimebaki na lile beseni la upepo, zima kabisa, na pakiti mbili za pampasi namba 3 ambazo keshazipita. Aliye karibu na Reading na ana safari aniandikie, aje achukue bure.